Je, Mjumbe wa Mungu Aweza Kukosa?



Kijana mmoja wa mwaka wa pili wa ukatekumeni alinijia jioni moja baada ya mafundisho, uso wake una furaha kama ya mwindaji aliyekuta mtego wake umenasa. Alikuwa ametoka kwa fundi wa cherehani pale sokoni Mambasa, mzee Mwislamu anayewashonea nguo watu wote bila kubagua dini. Mzee huyo anayo Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili, ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1969. Wateja wakiwa wanangoja suruali zao, yeye huwasomea kidogo. Siku ile aliwasomea sura ya 80.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "tumewashinda! Kitabu chao wenyewe chasema kwamba mtume wao alikosa, tena Mungu akamkemea."

Nikamwuliza, "Nawe ulimwambia hivyo mzee?"

"Ndiyo, Mwalimu, nilimwambia mbele ya watu."

"Naye akakujibu nini?"

Akatazama chini. Kisha akasema, "Alicheka tu, akaniuliza: Kijana wangu, na Petro wenu je?"

Nimeona vema kuliandika jambo hili katika gazeti letu, maana najua kwamba kijana yule si peke yake. Tena najua kwa nini alitamani sana kumshinda yule mzee. Mwaka wa 2025, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai, wauaji wa kundi la A.D.F. waliingia Komanda, wakawaua waamini waliokuwa wakikesha katika sala kanisani, na wengine karibu na hapo. Waliokufa walipita watu 40. Wauaji hao hujiita watumishi wa Uislamu. Mtu aliyezika ndugu zake hutafuta neno la kumpiga yule aliye karibu, hasa kama yule wa mbali hafikiki. Lakini fundi wa cherehani hakumwua mtu. Hata Waislamu wenyewe wamekufa kwa ajili ya kuwapinga watu wa namna hiyo: tarehe 1 Mei 2021 sheikh mmoja wa Beni, aliyekuwa akihubiri dhidi ya wauaji, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala.

Basi tuwe watu wa haki. Kwanza tusikie vizuri kile kilichosomwa.

Habari yenyewe ni hii, kama wanavyuoni wa Kiislamu wanavyoieleza. Muhammad alikuwa Makka, akizungumza na wakubwa wa kabila la Kureshi. Alitumaini kwamba wakiamini hao, watu wengi watafuata. Akaja kipofu mmoja, Abdallah mwana wa Umm Maktum, akaomba kufundishwa mambo ya Mungu. Hakuona kwamba kuna wageni wakubwa, angeonaje? Muhammad akakunja uso, akamgeuzia mgongo. Hapo, wasema Waislamu, ukashuka ujumbe wa kumkaripia mjumbe mwenyewe: amemwacha yule aliyekuja kwa hamu na kwa uchaji, akashughulika na wale wanaojiona hawana haja ya kitu. Sura hiyo hata jina lake ni Abasa, yaani, alikunja uso. Mapokeo yao husema kwamba tangu siku ile Muhammad alimheshimu sana kipofu yule. Akawa mmoja wa waadhini wake, na alipotoka Madina kwenda safari alimwachia mara kadhaa kazi ya kuwaongoza watu katika sala.

Sasa fikirini. Kitabu ambacho Waislamu husema kimeshuka kwa kinywa cha Muhammad chamkemea Muhammad. Naye hakukificha. Alikisoma mbele ya watu, nao wakakihifadhi kwa moyo, na mpaka leo watoto wa chuo hukariri lile kosa la uso uliokunjwa. Kijana wetu alidhani ameokota aibu iliyotupwa uani, kumbe wenyewe wameiweka sebuleni miaka zaidi ya 1,300, mtu yeyote apite na kuitazama.

Mimi nami nilipomaliza kuisikia habari hiyo nilikosa raha, kwa sababu nitakayoisema baadaye.

Si habari hiyo peke yake. Kurani yasimulia kwamba Adamu alimwasi Mungu, kwamba Musa alimpiga mtu akafa, akaomba msamaha, kwamba Yona, ambaye wao humwita Yunus, aliondoka kwa hasira akamezwa na samaki, kwamba Daudi alianguka chini akatubu. Muhammad mwenyewe aamriwa kuomba msamaha, tena aambiwa awatangazie watu kwamba yeye ni mwanadamu kama wao, ila tu ameletewa ufunuo. Kuna na hadithi moja ambayo ninyi wakulima mtaielewa upesi. Watu wa Madina walikuwa na desturi ya kuchukua maua ya mtende dume na kuyatia katika mtende jike, ili uzae. Muhammad alipowaona akasema kwamba labda ingekuwa afadhali wasifanye hivyo. Wakaacha. Mavuno yakapungua. Walipomwambia, akawajibu kwa maana hii: mimi ni mwanadamu, ninapowaamuru jambo la dini yenu lishikeni, lakini ninaposema kwa maoni yangu tu, mambo ya dunia yenu ninyi mwayajua zaidi. (Nimewaza mara nyingi kwamba hilo ni jibu zuri kwa walimu wote, hasa sisi tulio wepesi wa kuwafundisha wazee kupanda muhogo.)

Mwaweza kuuliza: basi, Waislamu husema kwamba manabii wao ni wakosefu? La, si hivyo. Wana fundisho linaloitwa isma, maana yake kukingwa. Waislamu walio wengi, wale wa Suni, hufundisha kwamba Mungu humkinga nabii asipotoshe ujumbe aliopewa, wala asianguke katika dhambi kubwa. Lakini juu ya makosa madogo, kama kusahau au kukata shauri lisilo bora, wanavyuoni wao wamejadiliana tangu zamani. Waislamu wa Shia hushika kwamba nabii amekingwa na kila kosa. Kwa hiyo wengi wao husema kwamba aliyekunja uso siku ile si Muhammad, bali mtu mwingine aliyekuwapo. Mwaona kwamba hata kati yao neno hili ni zito. Msiende kulichezea kama mpira.

Tena sisi Wakatoliki tunapaswa kulielewa upesi kuliko wengine, maana tunalo fundisho linalofanana nalo kwa upande mmoja. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, tarehe 18 Julai 1870, ulitangaza kwamba Baba Mtakatifu hawezi kukosea anapoamua kwa namna rasmi, akiwa mchungaji wa Wakristu wote, fundisho la imani au la mwenendo ambalo Kanisa zima lapaswa kulishika. Watu wengi husikia neno hilo wakadhani kwamba Papa hatendi dhambi. Hapana! Papa anaye padri wa kumwungamia. Katika Misa hujipiga kifua kama sisi. Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, akamwomba Mungu msamaha mbele ya ulimwengu wote kwa ajili ya dhambi zilizotendwa na wana wa Kanisa katika karne zilizopita. Kulindwa kwa fundisho ni jambo moja. Utakatifu wa mtu anayelifundisha ni jambo jingine.

Hata hivyo njia zetu hazilingani, na lazima niliseme hili wazi, msije mkadhani kwamba nawafundisha dini mbili. Kwa Mwislamu, nabii huleta Kitabu, na Kitabu ndicho neno la Mungu. Kwetu sisi, Neno la Mungu alijifanya mtu. Yezu Kristu si mjumbe mmoja kati ya wajumbe; Yeye ndiye Ujumbe. Twasadiki kwamba alijaribiwa kama sisi, ila hakutenda dhambi. Musa, Daudi, Petro, mapadri, makatekista, hao wote ni wachukuzi. Mchukuzi aweza kujikwaa njiani, lakini mzigo si mali yake.

Turudi kwa swali la mzee: na Petro wenu?

Petro alimkana Bwana wake mara tatu usiku mmoja, mbele ya moto, kwa kumwogopa kijakazi. Injili zote nne zaisimulia habari hiyo. Tena mapokeo ya kale ya Kanisa yasema kwamba Marko, aliyeandika moja ya Injili hizo, alikuwa mkalimani wa Petro, akiandika aliyomsikia akihubiri. Kama ndivyo, basi Petro mwenyewe ndiye aliyezunguka akiwaambia Wakristu wapya, watu kama ninyi, "Mimi nilimkana." Angeweza kunyamaza. Wengi wa wale waliokuwa uani usiku ule hawakuwa rafiki zake, nani angewauliza?

Wala si kabla ya Pentekoste tu. Baada ya kumpokea Roho Mtakatifu, Petro alifika Antiokia, akala pamoja na Wakristu wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka Yerusalemu. Akaogopa maneno yao, akajitenga na meza ile. Paulo akampinga uso kwa uso, hadharani, kisha akaliandika jambo hilo katika barua kwa Wagalatia, nalo lasomwa katika kanisa zetu. Ni nani asiyejua kwetu maana ya kujitenga na chakula cha mtu? Petro hakuwa amepotosha Injili kwa maneno. Aliipotosha kwa miguu yake, kwa kuondoka mezani.

Sasa lipo pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama dawa ni nzuri, mbona mganga anayeiuza ni mgonjwa?" Ni swali la akili. Waafrika wenzetu wa kaskazini waliligombania muda wa karne nzima. Katika mateso yaliyoanza mwaka wa 303, wakati wa Kaisari Diokletiano, baadhi ya viongozi wa Kanisa waliwapa askari Vitabu Vitakatifu vichomwe. Mateso yalipokwisha, Wakristu wengi wa Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, wakasema: ubatizo uliotolewa na mkono wa msaliti si ubatizo. Hao ndio waliokuja kuitwa Wadonati. Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hipo, aliyefariki mwaka wa 430, alijibu kwa maana hii: mhudumu awe mwema, awe mbaya, anayebatiza ni Kristu. Kama sivyo, ni nani kati yetu angekuwa na hakika ya ubatizo wake? Ingempasa kwanza kuuchungulia moyo wa padri, na moyo wa yule aliyembatiza padri, na kuendelea hivyo mpaka kwa Mitume. Na huko nako angemkuta Petro kando ya moto.

Jibu la Agustino ni la kweli, lakini si jibu lote kwa mama yule. Maji ya mto ni yale yale hata yakichotwa kwa mtungi uliopasuka. Lakini mtungi uliopasuka hufika nyumbani nusu, na mwenye kiu hulala na kiu. Kosa la mjumbe haliubatilishi ujumbe, ila huziba masikio ya watu, na kwa hilo mjumbe atajibu mbele ya Mungu. Yezu hakusema maneno mepesi juu ya watu wanaowakwaza wadogo.

Sisi wa Ituri tumeyaona hayo kwa macho ya babu zetu. Kiswahili hiki tunachosalia, ambacho wazee walikiita Kingwana, kilifika kwetu na watu wa misafara iliyotoka pwani na Unguja kwa njia ya Maniema. Walijua kusali, walifunga Ramadhani, na wakati huo huo walichoma vijiji kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa. Stanley alipopita katika msitu huu mwaka wa 1887 alikuta kambi yao ya Ipoto chini ya Kilonga-Longa, na vijiji vya jirani vimekwisha kuharibiwa. Wale ndio wajumbe wa kwanza wa Uislamu ambao babu zetu waliwaona. Je, wajumbe wa kwanza wa Ukristu? Walikuwapo mapadri na masista waliojitoa kabisa. Lakini babu zetu waliwaona vile vile watu wa Dola Huru ya Leopold wa Pili, ambayo ilitawala tangu 1885 mpaka 1908, watu waliobatizwa, wakilazimisha wenyeji kuleta mpira kwa bunduki na mjeledi. Tukiupima Uislamu kwa kambi ya Ipoto, nao wataupima Ukristu kwa mjeledi ule, na sisi hatutapenda kipimo hicho.

Basi makosa yote ni sawa? Aliyekunja uso, na aliyemkana Bwana, na aliyeua watu wakisali, wote tuwaweke chungu kimoja? Sivyo. Ipo tofauti, nami naiona hasa hapa: je, mjumbe akubali kukemewa na ujumbe anaouchukua? Mfalme Sauli alipokemewa na Samweli aliwasingizia watu wake. Mfalme Daudi alikuwa ametenda dhambi kubwa zaidi, kwa maana alichukua mke wa mtu, kisha akamwua mumewe. Lakini nabii Nathani alipomjia na ule mfano wa mwana-kondoo wa maskini, Daudi alisema, nimekosa. Mtu anayeua kwa jina la Mungu hakubali kukemewa na neno lo lote. Ameligeuza neno kuwa fimbo yake, na fimbo haimkemei mwenye kuishika. Huyo si mjumbe dhaifu. Si mjumbe kabisa.

Kwa sababu hiyo nilimwambia kijana wetu arudi kwa fundi akamwombe radhi. Si kwa kuwa tumekubali kwamba Muhammad ni mtume wa Mungu; imani yetu si hiyo, naye mzee ajua. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, watuambia kwamba Kanisa lawatazama Waislamu kwa heshima, kwa vile wanamwabudu Mungu mmoja. Na kuichukua toba ya mtu, tena iliyoandikwa katika kitabu chake mwenyewe, na kumpigia nayo, si heshima. Kijana alikwenda. Alikaa kimya mbele ya cherehani muda mrefu kabla ya kusema, ndivyo alivyonisimulia. Mzee akampa kiti.

Sasa lile nililoliahidi.

Wiki mbili kabla ya mambo haya, walikuja shuleni kwetu wageni: mkaguzi wa shule pamoja na watu wengine wenye cheo. Tulikuwa tumesimama mbele ya darasa tukizungumza juu ya mabati ya paa, nami nilitaka sana wanione kuwa mtu wa maana. Akaja mtu mmoja wa Wambuti, mkatekumeni wa mwaka wa kwanza, aliyetembea tangu alfajiri kutoka kambini kwao. Akasema, "Mwalimu, nina neno." Nikakunja uso. Nikamwambia, "Huoni nina wageni?" Akaenda kuketi chini ya mwembe. Wageni walipoondoka nilikwenda nao mpaka barabarani, na niliporudi chini ya mwembe hapakuwa na mtu.

Baadaye nilipata habari, kwa mwenzake, ya neno alilokuwa nalo. Mama yake alikuwa amefariki bila ubatizo, kabla ya yeyote kumwendea na habari za Kristu. Alitaka kujua kama mama amepotea.

Jibu nilikuwa nalo. Mtaguso huo huo, mwaka wa 1964, ulifundisha kwamba watu wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata sauti ya dhamiri, waweza kuupata wokovu wa milele. Nilikuwa nimewasomea wanafunzi wangu jambo hilo mwezi huo huo. Karatasi ilikuwa katika mfuko wangu wa ngozi, mezani, hatua kumi kutoka kwenye mwembe.

Fundi wa cherehani hakujua lo lote la habari hii alipofungua Kurani yake mbele ya kijana yule. Lakini kijana aliponisimulia juu ya kipofu na wakubwa wa Makka, hakuelewa kwa nini mwalimu wake hakushangilia ushindi. Nimekwisha kumweleza, na darasa zima nimelieleza, nikiwa nimesimama mahali pale pale nilipokuwa nimesimama na wageni. Padri nimemwungamia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kambini. Vibanda vilikuwa vitupu, majani yake yamekauka. Ni majira ya asali, nao wamekwisha ingia ndani ya msitu. Nilimkuta bibi kizee mmoja aliyeachwa na wajukuu wawili, nikampa ujumbe: mwana wake akirudi, aambiwe kwamba Mwalimu alikuja, na kwamba jibu juu ya mama yake ni la matumaini. Jina lake sijalifuta katika daftari la wakatekumeni. Akipita kijijini kwenu kabla ya kufika kwangu, msomeeni ukurasa huu.